Akili ya Mtoto Haianzii Chuoni

  

Ndugu Waislamu, yako maneno matatu yanayozunguka katika mitaa yetu hapa Wawi, na hatudhani kuwa Pemba iliyobakia imesalimika nayo. Neno la kwanza husemwa juu ya mtoto anayenyonya: "Huyo bado hana akili, muacheni alale." La pili husemwa juu ya mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyechelewa kutembea au kusema: "Huyo kachezewa, mpelekeni kwa mganga." La tatu husemwa juu ya mtoto wa miaka sita aliyekaa chuoni mwaka mzima na bado hazijui herufi: "Huyo mkaidi, mpigeni, fimbo itamfungua."

Maneno haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini ni mnyororo mmoja. Aliyeamini la kwanza hatamsemesha mwanawe wala hataangalia anakula nini. Akipita mwaka wa pili na ulimi haujafunguka, atalikimbilia neno la pili. Na hirizi ikishindwa kazi, mtoto ataletwa chuoni pamoja na neno la tatu, na mwalimu ataambiwa: "Nyama yako, mifupa yetu." Sisi tunaofundisha ndio tunaokabidhiwa mwisho wa mnyororo huo. Basi tunasema bila ya kuficha: maneno yote matatu ni batili, na anayelipa gharama yake ni mtoto mdogo asiyekuwa na wakili.

NENO LA KWANZA: "BADO HANA AKILI"

Wenye kusema haya hujitetea kwa Hadithi mashuhuri ya watoto kuamrishwa sala wafikapo miaka saba. Wanasema: ikiwa sharia haikumwamrisha kabla ya hapo, basi kabla ya hapo hakuna cha kumfundisha.

Tunajibu: Hadithi hiyo inazungumzia amri ya sala, haizungumzii mwanzo wa akili. Mtoto anayeamrishwa sala akiwa na miaka saba anatakiwa awe anaelewa maneno, anakumbuka mpangilio, anahesabu rakaa na anaweza kujizuia asicheze. Uwezo huu ulipandwa lini? Je, kuna mkulima anayevuna mpunga mwezi ule ule aliokumbuka kuwa ana shamba?

Katika Suratun Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui kitu, akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo za kufahamia. Tuuzingatie mpangilio huo. Milango ya elimu imetajwa pamoja na kuzaliwa, haikutajwa pamoja na kuingia chuoni.

Na waliochunguza hali za watoto wachanga wameyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wasiotimia siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na chombo cha sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani husikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwengine husikia sauti ya mwanamke mwengine. Watoto wale waliubadilisha unyonyaji wao ili waisikie sauti ya mama. Wa siku tatu! Anaijua sauti, anaichagua na anatafuta njia ya kuipata. Huyu ndiye tunayemwita asiye na akili.

Madaktari wanatufahamisha pia kuwa ubongo wa mtoto anapozaliwa ni kiasi cha robo ya ubongo wa mtu mzima, na kufikia miaka mitatu huwa umefika takriban asilimia 80. Kazi kubwa ya ujenzi, basi, hufanyika kabla mtoto hajashika juzuu.

Lipo jambo jengine linalotuhusu sisi walimu wa Qur'ani zaidi kuliko watu wengine. Mwaka 1984 watafiti wa Kanada, Werker na Tees, walieleza kuwa mtoto wa miezi sita hadi minane anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo wazee wake hawazitofautishi. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili uwezo huo huwa umepungua sana, na sikio limeshaelekea kwenye sauti linazozisikia kila siku. Mwalimu anayehangaika na mwanafunzi wa miaka minane asiyetofautisha baina ya hamza na ain, au baina ya sin na sad, afahamu kuwa mlango huo haukufungwa, lakini ulikuwa wazi zaidi wakati mtoto yumo mapajani mwa mama yake. Mzazi anayesoma kwa sauti huku kampakata mwanawe anamfundisha makharij bila ya ubao.

Na mchezo je? Chukueni kifuu, mkifunike kwa kanga mbele ya mtoto wa miezi mitano. Mara nyingi atageuza uso, kama kwamba kifuu kimetoweka duniani. Mfanyieni hivyo akiwa na miezi tisa au kumi: ataifunua kanga na kukichukua. Mwanachuoni wa Uswisi, Piaget, alilieleza jambo hili kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe. Mtoto amejifunza kuwa kitu kisichoonekana bado kipo. Mwalimu wa tauhidi na azingatie ukubwa wa somo hilo, na nani alilisomesha! Na yule anayeangusha kijiko mara kumi, mama akakiokota mara kumi, si mtundu. Anauliza: kitaanguka tena? kitalia tena? mama atarudi tena? Anayempokonya kijiko kwa hasira amelikata swali la mwanafunzi.

Ama Mtume wetu (s.a.w.), mwendo wake katika jambo hili unajulikana. Alimwita mtoto mdogo Abu Umayr kwa kuniya ya watu wazima, akamuuliza habari za ndege wake aliyekuwa akimchezea. Alisali huku amembeba mjukuu wake Umama bint Zaynab. Kama mtoto mdogo hana akili ya kusemeshwa, Abu Umayr aliulizwa habari za ndege kwa ajili gani?

SIMU SI MLEZI

Wako wazee waliosikia nasaha hii wakaitekeleza kwa mlango wa nyuma. Humwekea mtoto simu au televisheni, wakampa visomo, nyimbo au katuni, kisha baba akaenda zake barazani. Anasema: "Mimi mwanangu namsomesha."

Hawa tunawajibu kwa jaribio lililofanywa mjini Seattle, Marekani, na Patricia Kuhl na wenzake, likatangazwa mwaka 2003. Walichukua watoto wa miezi tisa wanaokulia katika Kiingereza, wakawapa vikao 12 vya Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu hai, akiwasomea vitabu, akiwatazama machoni na kuwaonesha vitu vya kuchezea. Kundi jengine lilipewa mazungumzo yale yale kwa televisheni, na jengine kwa sauti peke yake. Waliokaa na mtu walijifunza kuzitofautisha sauti za Kichina. Waliopewa chombo hawakujifunza kitu.

Qur'ani kusomwa ndani ya nyumba ni kheri, na hatumkatazi mtu. Tunachokanusha ni baba kujidai kuwa chombo kimeshika nafasi yake. Mtoto mchanga hujifunza kwa mtu anayemjibu. Anatoa sauti, nawe unamrudishia. Anaonesha kidole, nawe unakitaja anachokionesha. Chombo hakioni kidole cha mtoto.

NENO LA PILI: "KACHEZEWA"

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mtoto ana miaka miwili, viganja na ndani ya kope ni vyeupe, anakula udongo, akikalishwa mahali hukaa pale pale, wenzake wanacheza yeye anatazama. Maneno yake hayazidi matatu. Jirani anasema ni shetani, mwengine anasema ni kijicho. Hirizi inafungwa, kuku anachinjwa, na fedha ambazo zingelinunua dagaa la mwezi mzima zinaingia mfukoni mwa mganga.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, Qur'ani imewataja. Tunakanusha kuwa kila mtoto mzito amechezewa nao. Na ushahidi wetu hatuufuati mbali.

Hapa hapa Wawi tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Watu wanapita mbele yake kila siku, na wengi hawajui ni kitu gani kimejulikana kuhusu watoto wa kisiwa hiki. Basi wasikie. Katika miaka ya 1996 na 1997, kule Kengeja, watafiti wakishirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar walifuatilia watoto 614 wenye umri wa miezi sita hadi miezi 59. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea na ni mkali, na takriban kila mtoto alikuwa na vijidudu vya malaria. Kwa muda wa miezi kumi na miwili baadhi ya watoto walipewa madini ya chuma kila siku, na wengine walipewa dawa isiyo na kitu, bila ya wazee wala watoa dawa kujua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopewa chuma walisonga mbele zaidi katika kusema. Na katika kutembea na kutumia viungo, waliofaidika ni wale ambao damu yao ilikuwa chini kabisa.

Tunawaomba mlizingatie jambo hili. Maendeleo ya watoto wale yalijulikana kwa kuwauliza wazee wao: mtoto anasema nini, anafanya nini. Basi asituambie mtu kuwa haya ni maneno ya vitabu vya Wazungu. Mashahidi walikuwa watu wa Kengeja, waliowaona watoto wao wakifunguka ndimi pasi na hirizi.

Sababu yake inafahamika. Ubongo unaokua unahitaji madini ya chuma kama mjenzi anavyohitaji chokaa. Mtoto huzaliwa na akiba yake, na akiba hiyo hupungua sana ifikapo miezi sita. Baada ya hapo asipopata chakula chenye chuma, na malaria ikamwandama, na minyoo wa safura wakaingia kwa nyayo zilizo wazi na kumnyonya damu, akili yake inajengwa bila ya chokaa. Utafiti mwengine juu ya watoto wa kisiwa chetu, uliochapishwa mwaka 2007, ulionesha kuwa wenye upungufu wa damu, malaria au kudumaa hutembeatembea kidogo kuliko wenzao. Na mtoto asiyesogea hafikii kitu, hashiki kitu, haulizi kitu. Analala, na sisi tunasema: "Mtoto huyu mtulivu, mashaallah."

Lakini tahadharini! Asitoke mtu msikitini akaenda kununua dawa ya damu na kumpa mtoto kwa kukisia. Pemba hii hii ulifanyika utafiti mkubwa zaidi katika miaka ya 2002 na 2003, wa kuwapa watoto wote madini ya chuma bila ya kwanza kuwapima. Mwezi wa Agosti 2003 ilibidi chuma kisimamishwe, kwa kuwa waliopewa walifariki au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi kuliko wasiopewa, na malaria wakati ule ilikuwa nyingi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliifanya dunia nzima ibadilishe miongozo. Mafunzo yake ni mepesi: mtoto apimwe kwanza, malaria izuiwe na itibiwe, kisha dawa itolewe kwa agizo la mganga wa hospitali. Neno "mganga" tunalitumia hapa kwa maana yake ya haki.

Vivyo hivyo dege. Mtoto anayetetemeka kwa homa hana ndege wa usiku juu ya paa. Huenda ana malaria iliyopanda kichwani. Watoto wa Uganda waliopona maradhi hayo walifuatiliwa, na baada ya miaka miwili takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri au kukumbuka. Kila saa inayopotea kwenye mafusho inaweza kulipwa na akili ya mtoto umri wake wote.

NENO LA TATU: "FIMBO ITAMFUNGUA"

Walimu wenzetu, neno hili ni letu. Mtoto aliyenyimwa maneno akiwa mchanga na damu akiwa na miaka miwili anafika mbele yetu akiwa na miaka sita. Anasinzia juu ya mkeka, anasahau leo alichokisoma jana. Tunamchapa. Je, fimbo inaongeza damu? Je, maumivu yanarudisha mwaka wa kwanza?

Husemwa: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, hapigwi rungu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ameweka mlango mahsusi katika Muqaddima yake kubainisha kuwa ukali juu ya wanafunzi unawadhuru, hasa watoto wadogo: unawavunja uchangamfu, unawafundisha uvivu, na unawatia katika uongo na hila kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Ibn al-Qayyim naye, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), aliandika kitabu kizima juu ya mtoto aliyezaliwa, Tuhfatul Mawdud, na humo akawabebesha wazee sehemu kubwa ya lawama ya kuharibika kwa watoto. Hawa si wageni katika maktaba zetu. Basi kwa nini tunawaacha kabatini tunapoinua fimbo?

Na anayedai kuwa madrasa na mchezo havikai pamoja, na aangalie mpango wa skuli za maandalizi za Madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na baadaye Uganda. Ndani yake watoto wanafundishwa dini huku wakipanga vifuu, wakihesabu makombe na mbegu, na wakisimuliwa hadithi kwa vitu vilivyotengenezwa na wazee wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa nchi hizo. Waliosoma maandalizi waliwashinda waliobaki nyumbani katika mitihani ya kufikiri, na wa skuli za Madrasa walisonga mbele zaidi kuliko wa maandalizi mengine. Kumkalisha mtoto wa miaka mitatu kwa saa mbili akiitikia asichokielewa hakumtangulizi mbele. Kunamfundisha kuwa elimu ni mateso.

"MBONA SISI TULILELEWA HIVYO?"

Atasema msemaji: sisi tulilelewa hivyo na tumekuwa watu. Tunamwambia: anayesema haya ni aliyevuka, yule aliyebaki nyuma hayumo barazani kujibu. Tena si kweli kuwa ulilelewa hivyo. Bibi yako alikubembeleza kwa nyimbo, akakutegea vitendawili, akakusimulia habari za sungura na fisi hadi ukasinzia. Hizo zilikuwa darasa za akili, na sisi ndio tuliozivunja.

Atasema mwengine: sisi masikini. Tunakiri dhiki ya watu. Lakini maneno hayauzwi dukani. Dagaa, kunde, mchicha na kisamvu si vyakula vya matajiri, na kipande cha chungwa au embe pamoja navyo huusaidia mwili kukipokea chuma. Kinachopatikana kwa wingi katika nyumba zetu, nacho kinadhuru, ni chai ya rangi anayochovyewa mtoto mkate asubuhi na jioni, kwani chai hukizuia chuma kisiingie mwilini.

WAJIBU WETU

Enyi wazee wanaume, Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ikaweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, na ikataka kuachishwa ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Aya hiyo imemwingiza baba ndani ya chumba cha mtoto mchanga. Nani amekutoeni? Siku za karafuu, baba anajua amevuna pishi ngapi na mchumaji gani anamdai kiasi gani. Muulizeni mwanawe wa miaka miwili ana maneno mangapi; hajui. Mama yumo mashambani au anachambua, na mtoto kaachiwa dada yake wa miaka minane ambaye mwenyewe anahitaji mlezi.

Basi tunataka mambo haya. Mtoto anyonye tangu saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa ya mwanzo ya manjano ambayo baadhi ya watu huyamwaga, na miezi sita ya mwanzo asichanganyiwe kitu. Baada ya hapo apewe chakula chenye chuma, alale ndani ya chandarua, avae viatu, apewe dawa za minyoo kila zinapotolewa. Asemeshwe na mama na baba tangu siku ya kwanza. Akifika miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, au masikio yanatoa usaha, au viganja ni vyeupe, apelekwe hospitali kabla ya pahala popote pengine.

Na sisi walimu, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, tumtazame kope, tumuulize amekula nini asubuhi, tumwite mzazi wake. Na makhatibu wetu, wanaotumia Ijumaa nyingi kuwalaumu vijana walioharibika, watenge japo Ijumaa moja kwa walio na umri wa siku tatu.

Udongo uwahi ungali maji. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mtoto mchanga, ambaye leo hana wakili, siku hiyo hatahitaji wakili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusikia na kutenda. Wabillahi tawfiq.